Kaboni za Mama Mapazia

Kwa heshima na taadhima, na kofia mkononi kwa wenye kofia, tunautangazia umma kwamba mpenzi mkuu wa zama hizi amepatikana. Hana gitaa, hana shairi, hana marashi. Ana ovaroli yenye mfuko uliochanika, mita ya kupimia umeme yenye kioo kilichopasuka, na kibanda cha mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Ni fundi umeme wa magari. Wenzake wamembatiza Cheche, kwa kejeli tupu, maana mtu mwenyewe hata kuitikia salamu huchelewa kuwaka, kama lori la dizeli asubuhi ya baridi.

Cheche ni mgane. Mkewe alifariki, watoto wakaoa na kuolewa wakasambaa, akabaki na nyumba ambayo mwenye kuongea humo ni friji peke yake. Kisha siku moja gari dogo la Mama Mapazia likasukumwa mpaka kibandani.

Huyu ni mjane anayeshona mapazia na kuyapeleka mwenyewe nyumba hadi nyumba. Kiti cha nyuma cha gari lake kiligeuka kabati la vitambaa zamani. Kwenye dashibodi taa nyekundu ya betri ilikuwa imekodoa macho. Ugonjwa huo hata fundi wa kuokota angeujua: altaneta, kile kinu cha umeme kinachozungushwa na injini, haichaji, gari linakula umeme wa betri tu, mpaka betri inakata roho. Dawa ni kuitibu altaneta. Bingwa wetu akaing'oa betri, akaichomeka kwenye mashine ya kuchajia, akairudisha.

"Tayari, mama."

Tayari, naam, kama mgonjwa wa malaria anavyokuwa tayari baada ya kupepewa.

Haikupita wiki, Mama Mapazia akarudi. Betri ikawa inakunywa umeme, naye ameketi kwenye kiti cha basi kilichogeuzwa benchi, anasimulia habari za mteja aliyetaka mapazia mazito ili majirani wasione kwamba hana samani. Cheche akacheka. Gereji nzima ikasimamisha kazi. Wengine walikuwa hawajui kama ana meno.

Ikawa ndiyo desturi, mwaka ukapita. Betri inalala, mama anakuja, betri inaamka, mama anaondoka. Asipoonekana, Cheche huinua shingo kila gari linapokohoa barabarani. Mtu mzima, tena fundi, anaomba gari la mwenzake life!

Nyundo, fundi bodi wa kibanda cha jirani, alishindwa kuvumilia. "We Cheche, unachaji betri au unachaji moyo?"

"Betri."

"Mwambie basi, bwana! Mficha uchi hazai."

"Mimi kuzaa nimeshamaliza."

Halafu asubuhi moja Mama Mapazia alikuja na gari halina hata kitambaa kimoja nyuma.

"Fundi, leo nataka lipone kabisa. Binti yangu kajifungua mapacha, ananiita nikakae naye. Funguo za nyumba nimesharudisha. Nikitoka hapa ni safari moja kwa moja, na njia yote ni milima. Sitaki kuzimikiwa porini."

Cheche akabaki ameshika mita kama aliyekabidhiwa mtoto wa watu anayelia. Akilitengeneza, linamchukua mama na halimrudishi. Asipolitengeneza, atarudi, lakini kwa kuvutwa na kamba.

"Chaji betri tu," Nyundo akamnong'oneza. "Hafiki mbali huyo."

"Likizima kwenye mteremko?" Cheche akauliza, akafungua boneti.

Akapima betri injini ikiwa imezimwa: volti kumi na mbili na ushei. Akawasha injini. Namba ilipaswa kupanda hadi kumi na nne. Haikupanda, ilianza kushuka taratibu. Mkanda umekaza. Fyuzi nzima. Nyaya za nyuma zimeshika. Akaigonga altaneta kwa mpini wa bisibisi, kidogo tu, kama anayebisha hodi. Taa nyekundu ikazimika, kisha ikawaka tena. Akazima injini, akaishusha altaneta na kuifungua. Vile vijiwe vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani vilikuwa vimelika, vimebaki kama meno ya kikongwe.

Mama Mapazia akavitazama kiganjani mwa fundi. "Kumbe ndizo hizi kaboni. Shemeji yangu aliniambia zimekwisha."

"Lini?"

"Mwaka jana. Naye ni fundi kama wewe."

"Mbona hukumwachia atengeneze?"

"Na wewe mbona hukutengeneza?"

Cheche akainama kutafuta spana aliyokuwa ameishika.

Akafunga kaboni mpya, akarudisha altaneta mahali pake, polepole, kila nati akiikaza mara mbili. Injini ikawashwa. Taa nyekundu ikazimika, safari hii jumla. Mita ikapanda, ikatulia kwenye kumi na nne na ushei. Mama Mapazia alikuwa kwenye usukani, mlango wazi.

"Fundi," akasema, "huna la kuniambia kabla sijaondoka?"

Nyundo akaacha nyundo ikining'inia hewani. Cheche akaitazama mita, akamtazama mama, akairudia mita.

"Funga mkanda," akasema.

Mama akatabasamu kidogo, akafunga mkanda, akafunga na mlango. Gari likaondoka bila kukohoa. Cheche alisimama akilisikiliza mpaka likachanganyika na mengine. Kwenye benchi palibaki kipande cha uzi wa buluu. Akakiokota, akawa anakizungusha kidoleni.

Nyundo akamjia juu. "Mwanamke kakufungulia geti, kakutandikia na zulia, unamwambia funga mkanda! Kwa nini hukusema?"

"Injini ilikuwa inaunguruma. Asingesikia."

"Si ungeizima, bwana!"

"Chaji haipimwi injini ikiwa imezimwa."