Kiungo Kilichokataa Kufunguka

Binti yangu wa mwisho anasomea mitandao ya kompyuta kwa masafa, akiwa hapa nyumbani Ngonga. Siku hiyo alikuwa na mtihani wa vitendo. Alasiri mwalimu wake angempigia simu ya video, naye amwonyeshe ruta mbili, vifaa vya kuunganisha mitandao, zikiwasiliana. Ruta zenyewe si za kushikika. Ni za kuigiza, zimo ndani ya programu ya maabara. Asipoweza, arudie muhula mzima.

Tangu asubuhi, kila alipobofya picha ya ruta ili aiandikie amri, Windows ilimjibu kwamba haina programu ya kufungua kiungo cha telnet, ile njia ya kuingia kwenye ruta. Programu ya kazi hiyo alikuwa nayo. Aliiondoa, akaiweka upya, jibu likawa lile lile. Nilikuwa nimetoka kuanika mpunga, nikakaa karibu naye, nikainamisha kichwa.

"Baba, usiiombee kompyuta."

"Nakuombea wewe. Kompyuta haijabatizwa."

Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Nikamuuliza, kama programu ipo, kwa nini Windows inasema haipo?

"Unamkumbuka yule mhubiri mgeni? Kahubiri Kiswahili kitupu, bibi zetu wanasinzia, na wewe mkalimani wa Kinyakyusa umekaa benchi la mbele, mikono umekunja."

"Nilikuwa sijaitwa!"

"Na hii haijaitwa. Ipo, ila Windows haijaambiwa kwamba viungo vya telnet ni kazi yake."

Akafungua rejista, mahali Windows inapoweka mipangilio yake, na chini ya neno telnet akaandika ilipo ile programu, folda hadi folda. Akabofya. Kosa tena. Saa ya mwalimu ilikuwa imekaribia, naye akabofya tena na tena.

"Soma polepole, mama," nikamwambia. "Kwa sauti."

Akasoma neno kwa neno, akakwama kwenye jina la folda lenye maneno mawili. Kumbe Windows ilifika kwenye ile nafasi ya katikati ikadhani maelezo yamekwisha. Akaweka alama ya kunukuu mwanzoni na nyingine mwishoni, akahifadhi, akabofya.

Dirisha jeusi likafunguka. Ruta ilikuwa inasubiri amri.

"Ndaga fijo, Kyala," nikasema. Asante sana, Mungu. Binti yangu alikuwa ameshaanza kuandika.

Simu ilipoita nilitoka nje nisimsumbue, lakini ukuta wetu hauzuii sauti.

"Zimewasiliana," mwalimu alisema. "Umefaulu. Ila wenzako kadhaa wamekwamia hapo kwenye kiungo. Nikiwapa namba yako, utawasaidia?"

"Nitawasaidia, mwalimu. Waanze hata sasa hivi."

Wakaanza kweli. Chakula cha jioni kikamsubiri mpaka dirisha la mwenzake wa mwisho lilipofunguka.