Honi za Kunisindikiza Kiruna

Aibu hii nilitaka kuizika, lakini kwa kuwa watu wa vitongoji vyetu huku ughaibuni, kuanzia Fittja mpaka Skärholmen, wanaisimulia bila mimi, tena wanaitia chumvi, bora niiseme mwenyewe.

Mke wangu, Furaha, alipata kazi ya uuguzi Kiruna, mji wa huko juu kabisa kaskazini mwa nchi, na alitakiwa kuanza Jumatatu (binti yetu Neema alibaki kwa shangazi yake amalize muhula). Nyumba tuliyopata iko mbali na hospitali, bila gari letu dogo hafiki kazini. Nikakodi lori la kubeba vyombo, na nyuma yake kigari cha kukokotea gari letu: magurudumu ya mbele ya gari yanapandishwa juu, ya nyuma yanabingirika barabarani. Rahisi tu.

Tatizo lilikuwa Dieudonné. Huyu anaongoza kwaya kanisani kwetu, ana mabega, ana sauti, kazi yake ni kuendesha malori, na kwa wiki mbili nilikula ugali na jina lake mezani, Furaha akimnukuu ("Dieudonné anasema barafu ya kule ni mbaya," "Dieudonné anasema tusikimbie"). Nilikuwa na wivu, jamani, sifichi. Hata akimwita Furaha "shemeji" nilisikia analivuta lile neno kuliko inavyohitajika.

Jumamosi asubuhi kanisa karibu zima lilikuja kwenye maegesho ya Vårby gård kutuombea, maana sisi Wakongo hatumwachi mtu ahame kimyakimya. Baada ya amina Dieudonné akainama kuchungulia gari.

"Kaka, acha nikague huku nyuma mara moja."

"Mimi nimeendesha Bukavu kwenye matope, wewe bado unanyonya," nikamjibu (tumepitana miezi minne), nikapanda na kuondoka.

Wakatusindikiza, magari sita nyuma yetu. Kwenye barafu ya mitaani gari letu lilinifuata kwa utii, ila tulipoingia barabara kuu iliyomwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, honi zikaanza, taa zinawaka na kuzima, na mimi machozi yananilengalenga, nasema kumbe tunapendwa namna hii! Nikawajibu kwa honi, ndefu, kama ya harusi. Simu ya Furaha ikaita: Dieudonné. Nikamwambia asipokee. Ikaita tena, nikamnyang'anya, nikaikalia. Mara nikamwona jamaa ubavuni kwetu, kashusha kioo kwenye baridi ile, anapunga mkono, mdomo wazi.

"Kuna kitu anasema," Furaha akaniambia.

"Anakuimbia," nikasema, nikakanyaga mafuta.

Pa! Halafu pa nyingine.

Nilisimama kituo cha mafuta karibu na Skärholmen. Matairi ya nyuma ya gari letu dogo yalikuwa yamelika mpaka yamepasuka, moshi unatoka, na kanisa lote linashuka kwenye theluji kuja kuangalia.

"Frein à main, kaka," Dieudonné akasema taratibu. "Hukuiachilia."

Ile breki ya mkono niliivuta mwenyewe jana yake, kwa nguvu zote, gari lisiteleze. Mama mmoja wa kwaya akalalamika, "Tulipiga honi mpaka mikono inauma, naye anatujibu!" Watu wakacheka. Furaha hakucheka.

"Papa Neema, Jumatatu nitaenda kazini na nini? Na wivu wako?"

Nikaenda kumletea simu yake kule kitini nilikoikalia.

Dieudonné akazunguka Skärholmen, akarudi na magurudumu mawili ya mitumba, akayafunga, akapiga simu kuomba ruhusa kazini, na Furaha akampa funguo za lori bila hata kunitazama. Mbele kuna viti vitatu. Mimi niliwekwa cha katikati, magoti kidevuni, na wao wakaimba nyimbo za kwaya juu ya kichwa changu mpaka Kiruna. Jumatatu Furaha aliwahi kazini.

Nimeapa: nikisikia honi nyuma yangu nasimama, hata iwe ya harusi kweli. Wivu ndio siwezi kuuapia. Wiki iliyopita Furaha alirudi akisema kuna mwenzake kazini anamfundisha kuegesha kwenye theluji, nami nikauliza, kwa upole kabisa, anaitwa nani huyo. Alinitazama mpaka nikainuka mwenyewe kwenda kuosha vyombo.