Kidude cha Kuhesabia cha Orval

Jirani yangu Orval Stidham alitengeneza matrekta hapa Oklahoma miaka thelathini na nane. Alipostaafu akajipa kazi isiyo na mshahara: kuhesabu mirusho ya kila mrusha mpira kwenye mechi za besiboli za vijana. Anakaa nyuma ya uzio na kidude cha chuma kiganjani, kila mrusho anabonyeza. Ikifika themanini na tano, kikomo cha ligi yetu, anasimama. "Mtoe!" Makocha walimwita mzee kisirani. Wapi! Mdogo wake aliharibu kiwiko kwa kurusha kupita kiasi akiwa na miaka kumi na saba, na hadi leo hafungi vifungo vya shati. Orval aliapa kwamba Teague, mjukuu anayemlea, hayatamkuta hayo.

Majira ya baridi nikaanza kusikia du! du! kwenye gereji yao. Teague, miaka kumi na tano, alikuwa anatupia godoro kuukuu mipira mizito, mingine uzito mara mbili ya ule wa mechi. Hata siku za kupumzika. Mimi mdomo wangu hauna breki, nikavuka uzio.

"Orval, unahesabu nini wewe? Huyu anajimaliza humu ndani!"

"Mzee Wendell, hii si mirusho," Teague akadakia. "Ni mazoezi. Nilikuwa narusha kwa kasi ya maili themanini na moja kwa saa, sasa themanini na saba. Wenzangu wote wanafanya. Niachwe nyuma?"

"Kiwiko hakiumi?" babu yake akauliza.

"Aa, wapi, Babu."

Alijibu haraka mno. Orval alikigeuzageuza kidude chake. "Nikimkataza ataenda kurushia kwingine," akaniambia kinyonge. "Na sheria inahesabu ya mechi tu." Nilitaka kumzaba kibao. Badala yake nikaenda zangu nyumbani, na hilo linaniuma.

Aprili, mechi ya tatu, Teague alirusha mpira, akapiga yowe, akaanguka amekumbatia kiwiko. Mwamuzi akaja kwenye uzio na karatasi yake, kama kawaida.

"Mingapi, Orval?"

"Arobaini na mmoja."

"Basi yuko ndani ya sheria. Hukukosea kitu, mzee."

Niliwapeleka hospitali kwa gari langu. Teague alilia kiti cha nyuma njia nzima. Pembeni yangu Orval alikuwa anabonyeza kidude, anabonyeza tu.

"Orval, acha basi. Mechi imekwisha."

"Naongeza ya gereji," akasema.

Tulifika mlangoni hajamaliza.