Bei ya Ubaoni

Katika duka tulilouzia vitenge, mimi na yaya, hakukuwa na kiti. Patroni, mwenye duka, alisema muuzaji anayeketi hauzi, anasinzia tu. Tulisimama tangu mlango unapofunguliwa mpaka unapofungwa, na jioni nilirudi nyumbani, mtaa wa Songo, miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa, huku kichwani bado napanga duka langu mwenyewe. Lingekuwa na dirisha kubwa la kioo, na kiti kwa kila muuzaji. Kiti chenye mto.

Yaya akinisikia alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Mudogo wangu, kioo na vita hii? Bomu moja tu lianguke kule Kavimvira, weye unabaki na fremu, unauza hewa."

"Basi kioo nitakiacha. Viti vinabaki."

"Eeh, viti vibaki. Changu ukiweke karibu na mlango, nipate upepo wa ziwa."

Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa alinizidi umri na ndiye aliyenifundisha kazi. Undugu mwingine hatukuwa nao. Mimi shule yangu iliishia pale walimu walipokimbia, nikaingia dukani nikijua kusoma, kujumlisha na kuota ndoto. Yeye alijua kuuza. Alimfungulia mama mteja kitenge begani, akamzungusha, akamwambia, "Mama, hii rangi imekutafuta toka Burundi," na mama yule akaanza kutembea kwa madaha ndani ya duka kama vile nje hakuna askari.

Mshahara wetu tuliuita pesa ya sabuni, maana ukishanunua sabuni na chumvi umekwisha. Kilichotulisha kiliitwa ya juu. Patroni alitutajia bei yake, ile aliyotaka imrudie mkononi. Sisi tulimtajia mteja bei kubwa zaidi, mteja akaivuta chini, sisi tukaivuta juu, tukicheka, tukiulizana habari za watoto na za barabara, na pale tulipokutana, kilichozidi bei ya patroni kilikuwa chetu. Hakuna aliyeona hapo wizi. Maduka yote ya mjini yalikwenda vile, na wateja walijua. Wengine waliongeza kidogo mwishoni na kusema, "Haya, na weye ukule."

Mwaka ule vita viliwafukuza watu wa bonde la Ruzizi mashambani mwao. Walifika mjini na magodoro kichwani, wakapita mbele ya duka letu bila kugeuza shingo. Nani angenunua kitenge naye hajui atalala wapi? Patroni alikuwa amevusha mzigo mkubwa toka Bujumbura, amelipa huku mpakani na kule mpakani na kwenye vizuizi vyote vya katikati, na mzigo ukakaa rafuni kama mgeni asiyeaga. Ya juu ikakauka. Tukabaki na sabuni.

Yaya alikuwa na jambo lake, nami nililijua. Risasi zilipokaribia, alimpeleka binti yake ng'ambo, Bujumbura, kwa wifi yake, dada wa mume. Mume mwenyewe alikimbilia upande wa ziwa na habari zake hazikuja tena. Mtoto alikuwa amekaa kule miezi mingi, na yaya alimwahidi: Noeli tutakula pamoja. Lakini kwetu humwendei mtu aliyekulelea mtoto mikono mitupu. Unampelekea kitenge, pesi nzima isiyokatwa, kizuri cha kuvaa kanisani. Ukienda bila kitu, hakuna atakayekunyima mtoto, la hasha. Ila utakuwa umesema, bila kufungua mdomo, kwamba ugali aliokula mtoto wako kwa miezi yote ile haukuwa kitu.

Kitenge alikuwa ameshakichagua. Kilikuwa cha buluu iliyokolea, chenye mapera ya manjano, mengine yamekatwa nusu mbegu zinaonekana. Kila asubuhi tulipopanga rafu, alikiweka chini kabisa ya rundo. Mteja akikaribia rundo lile, mimi nilimvuta upande mwingine.

"Ya juu ya Noeli itakinunua," alisema. Noeli ndiyo mavuno ya wauza nguo. Hata mkimbizi hutaka mwanawe aende kanisani na kitu kipya.

Kumbe patroni naye alikuwa akiingoja Noeli. Aliporudi toka Bujumbura alibeba ubao mweusi wa shule, umepasuka pembe moja, alioununua kwa watu waliokuwa wakiuza vitu vya darasa lililofungwa. Akauegemeza mlangoni, akaandika kwa chaki: PROMOSYO YA NOELI. Chini akaandika bei moja kwa vitenge vyote, bei ya chini sana, na chini yake tena: HAKUNA KUBISHANA.

"Ng'ambo ndivyo wanafanya," akasema, akijipangusa chaki. "Muntu anasoma, analipa, anakwenda. Maneno mengi yanachelewesha."

Yaya aliutazama ubao.

"Patroni, na ya juu?"

"Ya juu gani? Bei si inaonekana?"

"Njo maana nauliza. Kama bei inaonekana, sisi tutakula wapi?"

"Muna mushahara."

"Ule wa sabuni?"

Patroni hakuwa mtu mbaya. Nilimwona mara nyingi akiwapa wakimbizi maji ya kunywa toka pipa lake. Lakini siku ile alipaza sauti. "Munataka nifanye nini? Barabarani nalipa, mupakani nalipa, anayelinda duka nalipa, anayenitishia nalipa. Nikiongeza mushahara nafunga. Nikifunga, munasimama wapi?"

"Hata sasa tunasimama," yaya akajibu. "Bei umeishusha, sawa. Lakini umeishusha juu ya mugongo wetu. Juu ya wako haujashusha kitu."

Mlangoni alikuwa amesimama mwalimu mmoja, jirani yetu, suruali imepigwa pasi hata viraka vikang'aa. Akaingilia. "Nyinyi munalia? Angalau munajua ni nani anawanyima. Minye serikali inanidai uzalendo tu."

"Mwalimu, wewe wazazi wanakuletea ndagala," nikasema.

"Ndagala! Ukiona wanaleta vichwa vyake, unasema wameleta samaki."

Tukacheka sote, patroni naye. Kicheko kikaisha, na ubao ukabaki palepale.

Nililala siku ile nikijipa moyo. Niliwaza, labda watu watakuja wengi mno, duka litajaa, patroni atafurahi na kutupa kitu. Mimi hupenda kuwaza hivyo. Asubuhi nilifika mapema, nikafagia hadi barabarani.

Watu walikuja kweli. Walisoma, au wakasomewa, wakaingia, wakashika nguo. Mama wa kwanza, mwenye mtoto mgongoni, aliuliza bei kama kawaida, nami nikaonyesha ubao.

"Nimeona. Sasa ya mwisho ni ngapi?"

"Ni hiyo, mama."

"Hiyo ni ya kuanzia. Minye nakuuliza ya mwisho."

"Ya kuanzia na ya mwisho ni moja."

Alinitazama kana kwamba nimemfungia mlango usoni. "Haya. Kaa na ubao wako. Hauna masikio, njo maana hausikii." Akaenda. Wengi walifanya hivyo. Wangeweza kulipa bei ile na zaidi ya ile, lakini kununua bila kuzungumza kulikuwa kwao kama kula kwa mtu asiyekukaribisha.

Lakini kilichotumaliza hasa ni mama mmoja mzee wa Nyamianda, mteja wa yaya wa siku nyingi. Alishika kitenge, akakisogeza puani, akanusa. Akanusa tena kwenye pindo.

"Mama, unatafuta nini?" yaya akauliza.

"Moshi." Akashusha sauti. "Binti yangu, bei hii… mwenye nguo alikufa?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mji wetu ulikuwa umeporwa mara nyingi, na kila baada ya pilaje, kwa siku chache, vitu vizuri viliuzwa vichochoroni kwa bei ya kutupa: sufuria, redio, nguo za watu. Tulishajifunza kuogopa bei ya chini. Ukikiona kitu kizuri kinauzwa rahisi, unajua kuna mlango uliovunjwa mahali fulani.

"Hapana mama, ni mali ya patroni, aliivusha mwenyewe," yaya akasema.

"Nakuamini. Lakini siwezi kusimama mbele ya mutoto Yesu nikiwa nimevaa machozi ya muntu."

Kabla ya saa sita neno lilikuwa limefika sokoni: lile duka la ubao linauza vya pilaje. Alasiri patroni mwenyewe akaugeuza ubao, maandishi yakatazama ukuta. "Haya, zungumzeni," akatuambia. "Zungumzeni kama zamani." Tulizungumza mpaka koo zikakauka. Siku zilizofuata tulimsimamisha kila mpita njia. Lakini neno la soko likishatoka halirudi kwa kuitwa. Tuliuza kidogo sana, na hicho kidogo kwa bei ya patroni tupu.

Mkesha wa Noeli patroni alituita nyuma ya duka. Uso wake ulikuwa umechoka kuliko miguu yangu.

"Franka sina. Chukueni pesi moja moja. Njo mushahara wa mwezi, na Noeli yenu ndani yake."

Niliuliza kama anatania. Yaya alikwenda kwenye rafu, akapenyeza mkono chini kabisa ya rundo, na bila kutafuta akavuta mapera yake.

Changu nilimwachia jirani kwa mchele na mafuta, mama yangu akasema tumshukuru Mungu. Siku ya pili ya Noeli nilimsindikiza yaya hadi Kavimvira, mpakani. Wifi yake alikuwa ametuma neno kwamba atamleta mtoto mwenyewe hadi kizuizini, yaya asihangaike na karatasi za kuvuka. Njiani kitenge kilikuwa ndani ya mfuko, na kila baada ya muda yaya alikigusa.

"Atakubali?" aliniuliza mara moja tu.

"Atakubali. Atacheza hata."

"Weye na ndoto zako."

Wifi alikuwa mwanamke mpana, muuza mawese, mwenye sauti ya watu waliozoea kuita wateja toka mbali. Walikumbatiana muda mrefu. Mtoto alisimama nyuma ya sketi ya shangazi yake, amerefuka, akimtazama mama yake kama mtu anayetafuta jina. Yaya alimwita. Mtoto akamuuliza shangazi kitu kwa Kirundi. Nilitazama pembeni, kwenye meza za wabadili fedha.

Yaya akatoa kitenge kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo. Wifi akakipokea, akakifungua, akakishika pindo. Mkono wake ukasimama.

"Wifi. Hiki ni cha lile duka la ubao?"

Neno lilikuwa limevuka mpaka kabla yetu! Nilifungua mdomo niseme hapana. Uongo ulikuwa tayari ulimini, tena mzuri. Nilimngoja yaya aanze, nimsaidie. Yeye aliyeweza kumuuzia mvuvi koti la baridi akasema tu:

"Ni cha lile duka. Lakini hakikuporwa. Njo mushahara wangu."

"Wa wiki?"

"Wa mwezi. Na Noeli ndani yake."

Wifi alimtazama yaya toka kilemba mpaka chini, na macho yakabaki hapo, kwenye vifundo vya miguu vilivyovimba juu ya kandambili.

"Mwezi muzima umesimama kwa hii," akasema. "Nikiivaa yote, nitakuwa nimevaa miguu yako."

Akakunja kitenge katikati, akatia pindo mdomoni, akalichanja kwa meno kama tunavyofanya dukani, akavuta. Kitambaa kikapasuka kwa mlio mmoja mrefu, mkali, traaaa! Mtoto akaruka. Watoto wa miaka ile walijua mlio mmoja tu wa namna hiyo. Alikimbia bila kuchagua, akashika mguu wa kwanza aliokutana nao, akaficha uso. Ulikuwa mguu wa mama yake. Yaya akamwekea mkono kichwani na hakusogea, akiogopa labda akisogea mtoto atazinduka na kumwachia.

"Nusu yangu, nusu yako," wifi akasema. "Tutavaa sawa. Watu waone kwamba huyu mutoto ana mama wawili."

Tulirudi mjini watatu. Baada ya Bonane, mwaka mpya, yaya alikuja kazini amejifunga nusu yake. Yule mama wa Nyamianda alipita, akasimama, akamzunguka.

"Mapera haya umeyatoa wapi?"

"Humuhumu, mama. Ni ndugu wa kile ulichokinusa."

"Kile?" Akacheka, akaona haya. "Sasa unanipimia bei gani?"

Yaya akataja bei kubwa ya kutisha, mama akapiga kelele, na wakaanza. Siku ile tuliuza, na kesho yake pia. Mshahara patroni hakuuongeza, na mimi sikuwa nimeota kwamba angeuongeza. Hata mimi ndoto zangu zina mpaka.

Ila mchana, watu walipopungua, yaya aliuchukua ule ubao, akaulaza juu ya madumu mawili ya mafuta karibu na mlango, akaketi. Akapigapiga ubao pembeni yake kuniita. Niliketi. Patroni alitoka nyuma, akatuona, akafungua mdomo.

"Muuzaji anayeketi…" akaanza.

Kisha akatazama miguu yetu, akarudi alikotoka. Jioni nilipovua sketi nilikuta nyuma yake kuna chaki, na nilikuwa nimechoka mno hata kuipangusa.