Mama Yumo Redioni

Juzi, Shangani, niliona waya wa redio umetandazwa juu ya paa, nikamkumbuka baba. Alasiri moja, nikiwa mdogo, alikaa darini na redio ndogo aliyoiunda mwenyewe, yenye nguvu ya betri ya tochi tu, akigonga ishara zake za Morse: ti-ti-ta. Harufu ya lehemu ilijaa chumba kizima. Mama alikuwa keshatuacha, kaenda Maskati. Mlio wa mbali ulipojibu, ukivuja kwenye hedifoni za baba, nilidhani ndiye yeye.

"Baba, mama anasemaje?"

Alivua hedifoni, akanigeukia.

"Anasema ule ushibe, mwanangu."

"Mwambie arudi."

Baba akainama, akagonga pole pole.

Sasa najua aliyejibu alikuwa mtu baki, asiyetujua. Mama hakuwahi hata kuniulizia.