Matundu ya Moshi ya Lori la Kaka

Lori la kaka yangu lilikuwa mabaki ya jeshi, limechoka kabla hatujalinunua. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Aliuza minazi aliyorithi kwa baba akalileta Msambweni, kubebea nazi na watu hadi Kwale. Penye mpando wa Kwale lilikata pumzi, abiria wakashuka wakaenda kwa miguu, na wapo waliofika juu kabla yake. Watu wakaanza kuhamia lori la mtu mwingine.

Fundi wa nyumbani nilikuwa mimi, na kiburi nilikuwa nacho. Mombasa niliwahi kuona matundu ya kutolea moshi kwenye silinda hedi, kile kifuniko cha chuma cha juu ya injini, yakipanuliwa na kulainishwa ili injini ipumue. Nikamwambia kaka, "Nipe siku tatu, litapanda na mzigo wake."

"Sina jingine ila hili," akasema. "Wewe ndiwe ujuaye."

Nilifungua hedi nikaibana kwenye jiliwa. Nilikwangua kwa tupa ya mviringo, nikamalizia kwa msasa, hata kidole kikapita bila kukwaruzika popote. Unene wa chuma niliukadiria kwa macho tu. Nikaona upo tele, nikaongeza kidogo. Uchu wa kazi ulinishika.

Upande wa pili wa chuma kile hupita maji ya kupozea injini, na maji yetu yalikuwa ya kisima, ya chumvi. Mabirika ya mji mzima yalitobolewa nayo. Miaka miwili niliyamimina mwenyewe kwenye rejeta, wala sikufikiri kwamba yalikuwa yakila chuma kwa ndani. Nami nikakila kwa nje.

Tulipoliwasha, ulitoka moshi mweupe, kisha maji yakachuruzika kwenye ekzosi, bomba la kutolea moshi. Nilifungua tena. Katika tundu la tatu palitoboka padogo kama punje ya mtama. Mchomeleaji alipojaribu kupaziba, hedi ikapasuka kabisa. Ya aina ile haikupatikana Mombasa nzima.

Kaka hakunigombeza. Heri angenitukana. Alikwenda kuwa kuli kwenye lori lile jingine, mtu mzima mwenye mvi, akibeba magunia ya waliokuwa abiria wake. Kila liliposimama mbele ya banda langu ilinipasa nimwamkie, maana mimi ni mdogo. Nikaiacha shikamoo, nikainamia kazi. Basi yeye alishuka, akaja hadi mlangoni, akanisalimu kwanza.