Mbolezi kwa Mheshimiwa Mavroyakos

Kule Mani, kwenye minara ya mawe na zeituni zilizodumaa, mwanamume hazikwi mpaka wanawake wamwimbie mbolezi. Akiwa ameuawa, mbolezi humtaja muuaji, na baada ya hapo hapaitwi hakimu. Huitwa bunduki.

Garoufalia alikuwa na miaka ishirini na mitano alipomtaja Lyras.

Ilikuwa baada ya uchaguzi wa 1928. Kaka yake Dikeos, mlinzi wa sanduku la kura, alikutwa kisimani, uso umepasuliwa kwa risasi, sanduku halionekani. Garoufalia alifungua nywele, akajikwaruza mashavu mpaka damu ikamfika shingoni, akatazama ni nani hakuja kilioni. Hakuja Lyras, jirani waliyegombania naye ukuta wa mpaka. Asiyekuja ana la kuficha. Akamwimba kwa jina.

Wimbo haujaisha, mumewe Kanellos alishatoka uani. Alimkuta Lyras kitandani, anatetemeka.

“Nina homa, Kanellos. Siku ya tatu leo.”

“Homa ya woga hiyo,” Kanellos akasema, akampiga risasi mbili za kifua na moja ya mdomo, mbele ya Stamata, mke wa Lyras.

Kanellos alifia gerezani. Mwanawe Vrettos hakumjua. Ukoo wa Lyras haukulipiza, maana aliyetajwa katika mbolezi amekufa kwa haki. Walibaki na aibu tu, na Stamata akawa mtu asiyesalimiwa kisimani.

Lile sanduku lililopotea, lenye kura za mpinzani wake, lilimfanya wakili kijana, Mavroyakos, kuwa mbunge. Kiti kimoja kikazaa kingine: waziri, mfungwa wa kisiwani wanajeshi waliposhika nchi, kisha waziri mkuu mara mbili. Aliwaletea Mani barabara. Alikuwa baba wa ubatizo wa Vrettos, akamtia majini kwa mikono yake.

Mlinzi wa zamani wa Mavroyakos, alipokuwa anakata roho, alimwita Garoufalia. “Dikeos nilimpiga mimi,” alisema. “Mheshimiwa ndiye aliyenituma.” Miaka mitatu Garoufalia alilimeza neno hilo, na kila alipopita mlangoni kwa Stamata lilimkwama kooni.

Sasa, 1959, jeneza la Mavroyakos limeletwa kwao na wanajeshi wanane. Nani atamwimbia mbolezi kama si Garoufalia?

Vrettos alimshika mkono mlangoni. “Mama, watu wananong'ona. Kama marehemu ndiye aliyemuua mjomba, mtaje. Nitakaa karibu na mwanawe.”

“Una nini ndani ya koti?”

“Unajua nina nini.”

“Na wale askari wanane, mwanangu?”

“Alinitumbukiza majini kwa mikono ile ile iliyomzika mjomba!”

Uani walikaa wanaume. Wanawake walilizunguka jeneza, na Stamata alikuwa nyuma kabisa, ameegemea ukuta. Garoufalia alifungua nywele zake, nyeupe sasa, akaanza:

*Walikupa kiti chao,*
*ukawapa barabara,*
*kisiwa kikakulea,*
*kisha wakakurudisha.*

“Kumbe bado anayo sauti, mama huyu,” mzee mmoja akanong'ona.

“Nyamaza, bwana, anafika kwenye kura.”

Akafika. Vrettos alitia mkono kotini. Mwana wa marehemu alikuwa hatua moja tu kutoka kwake, analia kwenye kitambaa. Garoufalia aliuona ule mkono. Akavuta nywele zake mpaka zikang'oka na ngozi, akaimba kwa sauti iliyopasuka:

*Lyras hakuua ndugu.*
*Alilala na homaye.*
*Ni ulimi wangu huu,*
*damu yake yanidai.*

Uani watu walisimama. Wana wawili wa Lyras, wachonga mawe wenye mabega kama milango, walimgeukia Vrettos. Aliyekuja kudai damu ndiye aliyekuwa akidaiwa, na alilijua hilo kabla mama yake hajavuta pumzi.

“Basi nani, Garoufalia?” mtu akapaza sauti. “Nani alimuua Dikeos?”

“Kaulizeni makaburini,” akajibu, kiganja ameweka juu ya jeneza. “Vrettos! Kilete hicho kilicho kotini. Kiweke miguuni pa Bi Stamata.”

“Mama, watanichinja.”

“Mimi ndiye niliyewachinjia baba yao. Kilete.”

Vrettos alipita katikati ya wale ndugu wawili. Mmoja alimpiga ngumi ya mdomo. Akatema jino, akaendelea. Alipiga magoti na kuiweka bastola chini, kichwa ameinamisha, shingo wazi.

Stamata aliiokota.

“Miaka thelathini na moja,” alisema. “Hata maji mlininyima zamu.”

“Ni kweli, Bi Stamata,” Garoufalia akasema, akamgusa mkono, kama mwimbaji anavyomgusa anayempokea wimbo.

Stamata alilitazama jeneza. Kisha akaichomeka bastola miguuni pa waziri mkuu, chini ya maua. “Mzikeni na chake.”

Wanawe wawili walirudi nyuma. Stamata akaufungua ushungi wake mweusi, nywele zikamwanguka, na juu ya maiti ya mtu mwingine akaanza kumwimbia Lyras.